Osotua Si Deni

Kila lugha ina maneno machache yaliyo kama ghala: ndani yake watu wameweka akiba ya hekima ya miaka mingi. Katika Kimaasai, lugha iliyosemwa tangu zamani katika mbuga za Entarara, Kitengela na Kajiado yote, neno moja la namna hiyo ni osotua. Maana yake ya asili ni kiungamwana, yaani ule mshipa wa kitovu umwunganishao mtoto na mama yake kabla ya kuzaliwa. Kutokana na asili hiyo neno limepanuka hata likawa na maana ya amani, na ya urafiki wa kusaidiana. Waliotafsiri Biblia kwa Kimaasai walilichagua kuwa neno la agano.

Osotua huanza kwa kuomba na kupewa. Mtu aliyepungukiwa humwendea mwenzake, humweleza haja yake, naye hupewa ndama, mbuzi au chakula. Tangu siku hiyo wawili hao wamefungamana, na watoto wao huweza kurithi fungamano hilo. Waliopeana ng'ombe huitana pakiteng, jina litokanalo na ng'ombe mwenyewe, ili wema usisahauliwe.

Wamaasai wana neno jingine kwa deni, nalo ni esile. Deni lina kipimo na lina mwisho. Aliyekopa ng'ombe akilipa ng'ombe, wawili hao wameachana sawasawa, wala hapana aliye na dai kwa mwenziwe. Osotua haina hesabu hiyo. Aliyepewa hatakiwi kulipa; hutakiwa kusaidia siku mwenzake atakapopatwa na haja, ikiwa anao uwezo. Siku hiyo yaweza isifike kamwe, na fungamano lisipungue.

Pengine msomaji atauliza: Je, desturi hii haimlei mvivu? Ingemlea kama isingekuwa na adabu yake. Aombaye huomba kwa kadiri ya haja, si kwa kadiri ya tamaa. Na atoaye hutoa kilichoombwa, wala halazimiki kujifilisi. Mwaka 2007 mtaalamu wa Marekani, Lee Cronk, alichapisha matokeo ya mchezo wa kupeana fedha aliouchezesha kwa Wamaasai wa Kenya. Walioambiwa kwamba mchezo ni wa osotua walitoa fedha kidogo kuliko wengine, na walitazamia kurudishiwa kidogo. Hawakuwa wachoyo. Walijua kwamba osotua haipimwi kwa wingi wa kitu, bali kwa haja ya mtu.

Hekima hii ilifunzwa na nchi yenyewe. Katika mbuga kavu mvua huweza kunyesha upande mmoja ikaunyima upande wa pili. Ukame wa mwaka 1961, wa 1984 na wa 2009 uliangamiza ng'ombe wengi Kajiado, na tajiri wa jana akawa mhitaji wa leo. Mwenye marafiki wa osotua mahali pengi alikuwa na tumaini ambalo boma lake peke yake halikuweza kumpa.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mwaka 1988 ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake. Viwanja vikauzwa, ua zikajengwa, na watu wa makabila mengi wakahamia. Ukitokea ugonjwa au msiba, michango hutumwa kwa simu, na majina huandikwa pamoja na kiasi. Kuandika si kosa, kwa maana fedha za watu zataka uaminifu. Kosa huja siku daftari lile linapofunuliwa ili mtu aseme, "Huyu alinipa shilingi 200, nami nitampa 200." Hapo osotua imekwisha kugeuka esile. Na mjane ambaye jina lake halimo, kwa sababu hakuwa na kitu cha kutoa, atasaidiwa na nani kumzika mwanawe? Yeye aliye na haja kubwa kuliko wote ndiye hesabu ile inayemwacha nje.

Nanyi vijana mnaosoma, msidhani kwamba jambo hili lawahusu wenye ng'ombe tu. Amwelezaye mwenzake somo la hesabu asimwandikie deni moyoni. Aliyeelezwa naye asiombe kufanyiwa kazi aiwezayo mwenyewe. Mkishika adabu hizo mbili, mtakuwa mmelitumia neno hili vema hata kama hamjapata kulitamka.

Wazee husema kuwa dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, lakini yapo mambo yasiyolipika. Kila mtu, awe Mmaasai au asiwe, ana kitovu. Hicho ni alama mwilini mwake kwamba palikuwa na siku alipoishi kwa kupewa tu, na hakuna aliyemwandika daftarini.