KIJANA, PUNGUZA MWENDO!

Kijana mwenzangu, umewahi kupanda ndege ndogo? Mimi nimepanda. Tulitoka Maasai Mara saa nane mchana, jua kali, Cessna ya viti vinne, nami nimeketi mbele kando ya rubani. Siku hiyo upepo wa mashariki ulikuwa ukivuka vilima vya Ngong na kumwagika kwa nguvu upande wa Bonde la Ufa, kule kule tulikokuwa. Tukapigwa! Ndege ikashuka kama ndoo kisimani, kichwa changu kikagonga dari. Nikapiga kelele, "Ongeza moto, tutoke hapa!"

Rubani hakuongeza. ALIPUNGUZA.

Kwa nini? Kila ndege ina mwendo wake wa kupita penye misukosuko. Cessna 172S ikijaa, ni noti 105, kama kilomita 194 kwa saa. Ukiwa chini ya hapo, upepo ukipiga ghafla, bawa huacha kubeba kwanza kabla halijavunjika. Ukizidi, linaweza kuvunjika. Na ajabu ni hii: ndege ikiwa nyepesi, mwendo huo hushuka hadi noti 90! Wewe unayesema, "Sina mke, sina mtoto, acha nikimbie," umesikia hiyo?

Tena hakukamata usukani kwa ngumi. Aliweka mabawa sawa tu. Ndege ikipanda aliiacha ipande, ikishuka kidogo aliiacha. Na kilima hakukivamia uso kwa uso. Alikiendea mshazari, apate nafasi ya kugeuka. Alipoona tunazidi kushuka, akageuka kweli! Tukarudi bondeni, tukatafuta kimo, ndipo tukavuka juu sana. Mimi niliona aibu kurudi nyuma. Yeye hakuona.

Soma Matendo sura ya 27. Tufani ilipokaza, mabaharia hawakutweka tanga zaidi, walishusha. Meli ilivunjika, lakini watu 276 walifika pwani wote.

Sasa wewe, ni pombe? Ni genge? Umefukuzwa nyumbani, nawe unaongeza moto ili wasikuone unalia? Yesu hakuogopi. Usiku huu, kabla taa za uwanja hazijazimwa, njoo pale mbele ya jukwaa. Njoo hivyo hivyo na viatu vyako vya vumbi. Tutasimama nawe tuombe.