Nguo Iliyonyooshwa na Mkono Ulioinyoosha



Safari hii twapenda tutafakari pamoja jambo la nyumbani, yaani kazi ya kupiga pasi. Huenda mwingine atauliza, jambo hili lina nini na gazeti la Kanisa? Lakini kila Jumamosi jioni, katika nyumba nyingi za Wakristo, hiyo ndiyo kazi ya mwisho kabla ya kulala. Tena ndani yake mna swali gumu: tunapovaa nguo iliyonyooshwa vizuri ili kuwaheshimu wenzetu, heshima hiyo imetoka kwa nani?

Kwanza tukumbuke ya kuwa kuipendezesha nguo si desturi iliyoletwa na wageni. Wazee wa Buhaya, kama jirani zao wa Buganda, walivaa nguo ya gome la mti. Fundi alibandua gome la ndani la mti wa jamii ya mkuyu, akalilainisha kwa moto, kisha akalipiga kwa nyundo za mti zenye mifereji, akianza na ile ya mifereji mipana na kumaliza na ile ya mifereji myembamba. Alifanya kazi bandani, kivulini, ili gome lisikauke upesi. Mwishowe lilianikwa juani hata likawa na rangi ya udongo mwekundu. Ufundi huo wa Waganda uliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa wanadamu. Lakini jambo moja latugusa zaidi: mti uliobanduliwa haukuachwa uchi. Fundi aliufunga kwa majani ya mgomba, upate kupona na kuotesha gome jingine. Aliyevikwa alijua kwamba aliyemvika naye ahitaji kusitiriwa.

Sasa tuitazame pasi. Joto na unyevu hulegeza nyuzi za pamba, uzito huzilaza, na zikipoa hubaki zilivyolazwa. Ndiyo maana mpigaji hunyunyiza maji kwanza, na wengine hutia wanga wa muhogo ili kola isimame. Tena si urembo tu. Katika nchi nyingi za Afrika yenye joto yuko nzi atagaye mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake huingia katika ngozi ya mtu. Moto wa pasi huyaua mayai hayo. Mama apigaye pasi nepi za mtoto hafanyi majivuno, anamlinda mwanawe.

Lakini kazi hii ina gharama yake. Mvua zetu ni nyingi, nguo hukawia kukauka, na mahali pasipo umeme, au umeme ukikatika, ni pasi ya mkaa. Mpigaji huijaza makaa, huipepea, hufuta majivu yasiichafue kanzu nyeupe, tena hujihadhari na nailoni, maana nailoni huyeyuka kwa joto ambalo pamba huvumilia. Mvua inyeshapo huingia ndani na kufunga mlango. Hapo pana hatari, kwa kuwa mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huumiza kichwa na yaweza kuua. Mara nyingi mpigaji huyo ni binti wa kazi, au kijana mwenye meza yake kando ya soko, ambaye malipo yake huambiwa, "Njoo wiki ijayo."

Wako wasemao, "Basi tuache mambo ya pasi, maana Mungu hutazama moyo." Hatukubaliani nao. Mjane mwenye gauni moja, ambaye hulifua Ijumaa na kulinyoosha Jumamosi, anatangaza kwamba umaskini haukumpokonya utu wake. Anayemwambia kuwa huo ni ubatili amemwibia kitu ambacho hata njaa haikukichukua.

Kosa huanza pale tunapogeuza zawadi kuwa kipimo. Nikinyoosha nguo yangu kwa ajili yako, nimekuheshimu. Nikingoja yako inyooke ndipo nikuheshimu, nimekuwa hakimu. Yakobo katika sura ya pili ya waraka wake alikwisha kutuonya juu ya kumpa kiti mwenye mavazi mazuri na kumsimamisha maskini. Ada ya shule za msingi za serikali imefutwa, lakini sare bado hununuliwa na mzazi, na mtoto mwenye sare moja iliyokunjamana aweza kuona aibu kama vile amefanya kosa. Vivyo hivyo wako watu wazima wasiokuja ibadani kwa sababu ya nguo tu.

Tena tuendelee mbele kidogo. Kama nguo yetu iliyonyooka ni heshima tunayowapa wenzetu, na jasho lililoinyoosha halikulipwa, basi tumetoa sadaka ya mali ya mtu mwingine. Hata vitambaa vyeupe vya Meza ya Bwana na kanzu za wanakwaya haviwezi kuitwa safi, ikiwa aliyevinyoosha amesahauliwa.

Kwa hiyo twashauri mambo machache. Mpigaji pasi alipwe siku ile ile, jua lisichwe, kama sheria ya Musa iagizavyo juu ya kibarua. Pasi ya mkaa ipigwe barazani, au dirisha na mlango viwe wazi, hata kama mvua yanyesha. Binti wa kazi apewe nafasi ya kunyoosha nguo yake mwenyewe Jumamosi, isiwe ya mwisho usiku makaa yamekwisha kuzimika, naye aende ibadani pamoja na wenye nyumba. Na wazee wa kanisa wasimamao mlangoni wamsalimu aliyekunjamana kwa mkono ule ule wamsalimuo mwenye suti.

Mti wa gome ulivikwa majani na yule yule aliyeuvua. Hilo wazee walilijua kabla pasi haijafika Buhaya. Mungu atupe nasi moyo wa kuwasitiri wanaotusitiri.