Deni la Shamba Lililochoka

Huku Mpanda miombo mingi imekatwa kwa kukaushia tumbaku, na mashamba yaliyochoka yameachwa wazi. Wako wasemao, "Mwitu hujirudia wenyewe." Ni kweli, visiki vya miombo huchipua, bali vikiisha kung'olewa, na moto ukipita kila kiangazi, kitachipua nini? Basi aliyeichosha nchi ana deni kwa wanawe. Na apande miembe na mipera, na katikati yake mahindi na kunde: mizizi hushika udongo, majani yaangukayo huurutubisha. Mwembe wa kokwa hukawia miaka mitano au zaidi kuzaa, na jirani mmoja aliniuliza, "Mwaka huu nitakula miche?" Sikumcheka. Mahindi yale ya katikati ndiyo yatakayomlisha akingoja; ila kivuli kikizidi, itampasa kupogoa.