Je, Yafaa Mchunguzi Kutunga Hadithi?

Bibi aanzapo kuwahadithia wajukuu wake usiku, husema kwanza, "Paukwa!" nao huitikia, "Pakawa!" Baada ya neno hilo, hata Sungura akinena na Fisi, hapana mtoto amwitaye bibi yake mwongo. Lakini mchunguzi wa mambo ya kale hana "Paukwa" katika kitabu chake. Kila alisemalo twalipokea kuwa ni kweli. Je, naye akitunga hadithi katika uchunguzi wake, amesema uwongo?

Mwaka 1792 John Kimber, nahodha wa merikebu ya watumwa iitwayo Recovery, alishitakiwa huko London kwa kuwaua wasichana wawili wa Kiafrika baharini. Habari za mmoja zilienea sana, hata William Wilberforce alizisema katika Bunge la Uingereza. Wa pili aliandikwa kwa jina la Venus, jina ambalo hakupewa na mama yake. Nahodha akaachiliwa. Maneno ya mabaharia na ya mawakili yamehifadhiwa mpaka leo. La wasichana wale halikuhifadhiwa hata moja.

Saidiya Hartman, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, aliyasoma makaratasi hayo. Katika makala ya mwaka 2008 alieleza jinsi alivyotamani kuwatungia hadithi, kwamba walikuwa marafiki na kwamba mmoja alimfariji mwenziwe. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 2007 alijizuia, kwa kuogopa yale ambayo angeyabuni.

Wako wasemao kwamba mchunguzi asipite yaliyoandikwa. Lakini ni nani aliyeyaandika? Tukifuata karatasi peke yake, tumewafanya waliokuwa na kalamu kuwa mashahidi pekee, na waliokufa tumewanyamazisha mara ya pili. Tena, mtu ajaribuye kutunga hulazimika kuuliza: Msichana huyu alilala karibu na nani? Alilia kwa lugha gani? Mama yake alimwitaje? Maswali hayo humrudisha kwenye makaratasi kwa macho mapya. Na asipopata jibu, angalau ajua ni kitu gani kilichopotea. Hapo ndipo utungaji huwa chombo cha uchunguzi.

Hata hivyo iko hatari. Maiti hawezi kukataa asemewalo. Tukimpa Venus rafiki na kifo cha upole, msomaji atalala usingizi mzuri, na ukatili wa merikebu ile umefunikwa shuka jeupe. Faraja hiyo itakuwa yetu sisi, si yake yeye.

Basi mimi naona kwamba kosa si kutunga, bali ni kutunga pasipo kusema "Paukwa". Mwaka 2019 Hartman alitoa kitabu juu ya wasichana weusi wa New York na Philadelphia, nacho alikitunga kwa ufundi wa hadithi. Lakini mwanzoni alieleza njia yake, na mwishoni akaonyesha alikoyapata mambo yake. Msomaji hakudanganywa.

Nasi tuandikapo habari za wazee wetu, tufanye vivyo hivyo. Ulilosikia, sema ulilisikia kwa nani, unalodhani, sema, "Nadhani." Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwenye kukiri kwamba anabuni aweza kwenda mbali, na wasomaji wakamfuata bila hofu.