Chuma, Mizani na Hoja Niliyojua Ina Kasoro



Ndugu zangu katika Uislamu, kuna swali limenikaa moyoni tangu muhula uliopita: je, inafaa kuitetea haki kwa hoja ambayo wewe mwenyewe unajua ina kasoro? Swali hili sikulitoa kitabuni. Nililipata kwa kosa langu.

Mimi ninasoma biokemia hapa Kampala. Kwa sababu hiyo niliombwa kutoa mada kuhusu chuma katika darsa letu la baada ya Magharibi. Nilieleza mengi ya kweli, kisha nikaingia kwenye tarakimu. Nikasema Suratul Hadid, yaani sura ya Chuma, ni ya 57, na chuma nacho kina isotopu ya 57. Nikasema chuma kina protoni 26, na aya inayokitaja ni ya 25, lakini ukihesabu na Bismillahi inakuwa ya 26. Ukumbi ukaitikia takbira.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akanyosha mkono. "Kaka, mbona sisi tumefundishwa kwamba chuma kingi ni cha 56?"

Alikuwa sahihi. Katika kila atomu 100 za chuma cha asili, karibu 92 ni za isotopu ya 56. Za 57 ni kama 2 tu. Nilijua hivyo kabla sijasimama pale. Nilijua pia kwamba Bismillahi niliihesabu kwa sababu tu bila yake hesabu isingekubali. Badala ya kukiri, nilimwambia achunge wasiwasi wa Shetani. Watu wakacheka. Tangu jioni ile hakuonekana tena darsani.

Nilijitetea nafsini mwangu kwa hoja ambayo wengi wetu tunaitumia: nia yangu ilikuwa njema, na imani za watu zilipata nguvu. Kuna ubaya gani? Tena sote tunaijua hadithi ya kwamba matendo huenda na nia. Lakini nia njema haigeuzi 2 ikawa 92. Nia huangaliwa katika tendo lililo halali, na kuficha ukweli mbele ya watu waliokuamini kwa elimu yako si tendo la halali linalosubiri nia nzuri. Hiyo ni khiyana katika amana.

Kilichonikatia shauri ni tukio tunalolisoma katika Sira. Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.), alipofariki Madina, jua lilipatwa siku hiyo. Watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Fikiri, ndugu yangu: hiyo ilikuwa nafasi ya da'wa isiyohitaji juhudi yoyote. Watu walikwisha amini, na yeye alikuwa na huzuni ya mzazi. Angenyamaza tu. Hakunyamaza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Aliikataa dalili isiyo ya kweli ingawa ilikuwa inampa heshima yeye. Basi mimi ni nani hata niing'ang'anie ya kwangu?

Kuna anayeweza kusema: je, basi tuache kabisa kuzungumzia sayansi na Qur'ani? Sisemi hivyo. Ninatofautisha mambo mawili. Kutafakari ni kuangalia kiumbe kama kilivyo, moyo ukanyenyekea. Kulazimisha dalili ni kuchagua tarakimu zinazokubali na kuzificha zinazokataa. Hata neno la kwamba chuma "kimeteremshwa" tunalikimbilia kulifanya habari za nyota. Ni kweli kwamba chuma cha dunia hii kilitengenezwa ndani ya nyota. Lakini Qur'ani imetumia neno hilohilo kwa wanyama wa mifugo katika Suratuz Zumar, na hakuna kati yetu anayesema ng'ombe wametoka angani. Msikilizaji akijengewa imani juu ya hoja ya namna hii, siku hoja ikianguka atadhani kilichoanguka ni dini.

La kusikitisha ni kwamba sikuhitaji tarakimu zile. Chuma chenyewe kinatosha.

Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 3 hadi 4 za chuma, karibu na uzito wa msumari mmoja. Sehemu kubwa imo katika himoglobini ya damu. Kila himoglobini ina ioni 4 za chuma, na kila ioni hushika molekuli moja ya oksijeni na kuiachia panapohitajika. Ioni hiyo ikipoteza elektroni moja zaidi haiwezi tena kubeba oksijeni, na ndani ya seli nyekundu kuna kimeng'enya kinachoirudisha katika hali yake. Wala chuma hakiko peke yake. Katikati ya klorofili ya jani la dodo unalokula kuna magnesiamu. Kaa husafirisha oksijeni kwa shaba, na damu yake ina rangi ya buluu. Misuli hukaza kwa ishara ya kalsiamu. Katika neva zako, kila pampu ya seli hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, bila kuchoka, hata ukiwa umelala.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili. Chuma hichohicho kinachotuhuisha, kikiachwa huru ndani ya seli, huunguza. Hukutana na haidrojeni peroksaidi inayotengenezwa na mwili wenyewe na kuzalisha chembe kali zinazoharibu mafuta, protini na DNA. Kwa hiyo mwili haukiachi kizurure. Hukibeba kwa transferini, hukihifadhi katika feritini, na hupima kiasi kinachoingia tangu utumboni, kwa kuwa hauna njia maalumu ya kutoa kilichozidi.

Nilipolijua hili niliirudia ile aya ya Suratul Hadid. Kabla ya kufika kwenye chuma, inataja Kitabu na mizani, ili watu wasimamishe uadilifu. Kisha inataja nguvu kali ya chuma na manufaa yake. Sidai kwamba aya inazungumzia feritini, nisije nikarudia kosa lilelile. Ninasema tu kwamba mimi, msomaji, nimekumbushwa: nguvu isiyo na mizani hudhuru. Elimu ni nguvu, na jioni ile niliitoa bila mizani.

Asiyeamini anaweza kuyajua yote haya kuhusu chuma na asisujudu. Hilo halinitii hofu. Kazi yangu ni kufikisha kwa ukweli. Uongofu hauko mikononi mwangu.

Nilimtafuta yule ndugu nikamkuta maktaba. Nikamwomba msamaha, nikamwambia alikuwa sahihi na mimi nilijua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mimi sikuwahi kuwa na shaka na Qur'ani. Nilikuwa na shaka na nyinyi."

Amesema atafikiria kurudi. Mimi Alhamisi iliyofuata nilisimama palepale nikasahihisha maneno yangu mbele ya wale waliocheka. Hakukuwa na takbira. Wengine walikasirika, wakasema ninadhoofisha da'wa. Ninawaomba wao, na ninakuomba wewe unayeandaa mada ya wiki ijayo: kabla ya kusimama, jiulize kama kuna jambo unalolijua na unaomba lisiulizwe. Kama lipo, anza nalo.

Wabillahi tawfiq.