Uhai Uliolala Ndani ya Tunda la Muratina

Njoo, msomaji, tusimame pamoja katika sebule ndogo ya mtaa wa Umoja jijini Nairobi, Jumamosi ya ruracio, yaani sherehe ya mahari, wageni wakiwa wamebanana kama ndizi mkunguni na watoto wakiwa wamejaa ngazini. Mbele ya wazee pana mtungi wa plastiki wa manjano, ule ule wa kuchotea maji. Ndani yake imo muratina, divai ya asali ya Waagikuyu; na kabla kikombe hakijatufikia, tuitafakari safari yake.

Safari hiyo ilianza usiku, kwenye mti ambao Waswahili huuita mvungunya. Maua yake ya rangi ya damu ya mzee hufunguka jua likizama, nao popo, viumbe tunaowaogopa bure, ndio waalikwa wa karamu: huja kunywa utamu wake, na huondoka wamebeba chavua ya ua la pili. Ndipo hutungika tunda refu kama soseji, zito la kilo kadhaa, lisiloliwa likiwa bichi. Likichemshwa na kuanikwa, husalia nyuzi tupu, kahawia, nyepesi kama dodoki lililosahauliwa kambani. Kishike kipande chake kiganjani, utadhani kimekufa. Kumbe kimelala! Katika nyuzi hizo, pombe iliyotangulia imeacha chachu, uhai mdogo usioonekana kwa jicho, ukingojea kuitwa.

Nayo asali ndiyo huuita. Nyuki mfanyakazi, kwa maisha yake yote ya kuruka ua hadi ua, hakusanyi hata kijiko kimoja cha chai. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kikombe kimoja tu kimebeba jasho la umati. Asali, maji na tunda vikikutana penye vuguvugu la jiko, tega sikio: utasikia mnong'ono, kisha uone povu likipanda. Wazee walijua kuuamsha uhai huo kabla Louis Pasteur wa Ufaransa, katika karne ya 19, hajaonyesha kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai.

Sasa kikombe kimetufikia. Ni cha plastiki, tusikionee haya. Tuitazame muratina, rangi yake ya jua la jioni, tunuse nta na moshi, tuonje funda dogo na kulituliza ulimini: kwanza utamu, kisha ukali mwanana, na mwishoni uchungu mdogo wa tunda unaoaga taratibu. Ulimi uliojifunza kusikiliza hivi, kesho ukikutana na divai ya Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, au na ile ya Ufaransa, utaitambua iliyo njema bila kuuliza bei. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Muumba hakumuuzia mtu pua wala ulimi. Alimpa tajiri wa chupa na maskini wa kikombe sawasawa. Anachodai ni kiasi tu, kwa maana anywaye kwa pupa hulewa kabla hajaonja.

Kesho yake, juu ya paa la ghorofa, vile vipande vya tunda vitaanikwa kando ya nguo za shule, vikavu, vya kahawia, visivyotazamwa na yeyote. Lakini mimi nawe tutapita tukinyamaza kidogo, kama wapitao mlangoni pa mtoto aliyelala.