Mwaridi wa Mama
Somo: Mwanzo 39:20-23, 49:22

Waliowahi kufika kwa mamangu Magongo wanaujua mwaridi wake, ule wa kutambaa, wa maua ya pinki. Kijiti kilitoka Limuru kwa shangazi, na kila mtu alimwambia hautaweza joto la Mombasa. Akaununulia maji matamu ya mkokoteni, maana ya kisima chetu yana chumvi na yalikuwa yakichoma majani. Mtungi wa lita 20 ni pesa, lakini mama ni mama.

Ukakua kweli. Ukapanda wima hadi kwenye mabati, maua yote yakawa kule juu. Sisi wa chini tuliona miiba tu, waliofaidi ni kunguru. Siku moja nikamkuta mama amechana leso kuukuu vipande vipande, anayashusha matawi na kuyafunga yalale kwenye seng'enge. Nikamwambia, "Mama, unaurudisha nyuma!" (Mtu wa digrii ya biashara, nimezoea grafu ya kupanda tu.) Akanijibu, "Ngoja." Baada ya wiki kadhaa, kila kifundo cha tawi lililolala kilitoa chipukizi lake, na machipukizi yakachanua. Tawi likisimama, nguvu yote inakimbilia nchani. Likilazwa, linaigawa.

Hiyo ilikuwa 2019, mwaka ambao kampuni niliyoifanyia kazi ilipunguza watu, nami nikiwemo. Niliona haya. Nikawa naingia ibadani nimechelewa na kutoka kabla ya maombi ya mwisho, nisije nikaulizwa habari za kazi.

Sasa mtazame Yusufu. Ndoto zake zilikuwa za kupanda. Akalazwa shimoni, akalazwa kwa Potifa, akalazwa gerezani. Gerezani kwenyewe akakabidhiwa wafungwa wote, bila mshahara, bila cheo cha kuandika kwenye sivii. Babake alipombariki alimfananisha na mti kando ya chemchemi, matawi yametanda ukutani. Sisemi ndugu zake walifanya vyema, wala sisemi kuachishwa kazi ni baraka. Kodi ya nyumba haingoji ushuhuda. Nasema alichipuka pale pale alipolazwa. Chipukizi langu la kwanza lilikuwa daftari la chama cha akina mama, Alhamisi alasiri, chini ya mwembe.

Lililoniuma zaidi ni mkasi. Mama hukata maua yaliyonyauka kila asubuhi, kwa sababu yakiachwa mti unashughulika na mbegu, unapunguza kuchanua. Mimi nilibeba kadi ya kazini kwenye waleti miaka miwili baada ya kuachishwa. Nikitoa nauli ya matatu, naitazama. Mama akaiona, akanyoosha mkono, mkasi uko mkono wa pili. Hakusema kitu. Nikampa.

Kuna ndugu yetu aliyesimamishwa kazi mwezi uliopita, hajaonekana kanisani tangu hapo. Ndugu, Jumanne jioni napita kwako. Sina mahubiri. Nitakuletea kijiti cha mwaridi, na mtungi mmoja wa maji matamu.